Pumba za Shule: Kisa cha Mahindi ya Mchango Mufindi

Ugomvi ulianzia kwenye pumba. Ilikuwa mwezi wa pili, katika shule moja ya msingi wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Jina la shule naliacha, maana walimu wake bado wanafundisha pale na wazazi bado wanapishana njiani. Kwenye mkutano wa wazazi mama mmoja alisimama akauliza: mahindi ya watoto wetu yakishakobolewa, pumba zinakwenda wapi? Watu wakacheka. Kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu kila aliyekuwa mle darasani alijua ni nani kijijini ana nguruwe walionona. Tangu siku hiyo waliokuwa hawajaleta mchango hawakuleta tena, na mwezi wa tatu jiko la shule likazimwa.

Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mjomba wangu. Aliniita nimsaidie kupitia daftari la stoo kabla hajaitwa kujieleza kwa mtendaji wa kata. "Wewe umesoma hesabu," aliniambia, "njoo uniambie kama nimeiba." Hakuwa ameiba, lakini daftari lile lilisema mambo mengine ambayo hayakuwa yameulizwa na yeyote, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikiandike kisa hiki.

Mtu wa Dar es Salaam akisikia shule ya Mufindi imekosa chakula atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Huku ndiko malori yanakopakia mahindi, viazi, maharage na njegere. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kwa nchi nzima, wakati Iringa ni karibu asilimia 57, juu ya mikoa yote, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa zenye karibu nusu ya watoto wao. Mikoa mitatu inayolisha wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao. Sababu ni nyingi: ugali asubuhi na jioni, mama anayeshinda shambani mtoto akiwa na dada yake wa miaka saba, maradhi ya kuhara, mimba za umri mdogo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo viongozi wetu hulichanganya kila siku kwenye hotuba. Udumavu hujengeka tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, zile siku 1,000 zinazoimbwa kliniki. Mtoto akifika darasa la kwanza, lililotokea limekwisha kutokea, na ugali wa shule hautamrefusha. Chakula cha shule kina kazi nyingine: kumwezesha mtoto aliyetembea kilomita nne kwenye ukungu kusikia kinachofundishwa mchana, kuongeza damu, na kumfikisha msichana wa darasa la saba kwenye umama akiwa na akiba mwilini. Kwa njia hiyo ya mzunguko, ndiyo, kinagusa udumavu, ila wa kizazi kijacho.

Kisheria mambo yako hivi. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada, na ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo si ya chakula. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Ila mzazi aliyesikia "elimu bure" redioni hakusikia sehemu ya pili, na kuna waliosikia wakajifanya hawakusikia. Mwalimu mkuu kwa upande wake amekatazwa kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Kwa hiyo kazi ya kukusanya humwangukia mwenyekiti wa kamati, mtu asiye na mshahara wala nguvu ya kumshurutisha mtu, na ambaye kesho yake atakutana na mdaiwa wake kwenye msiba.

Turudi kwenye daftari.

Shule ina watoto kama mia nne. Kila mzazi alitakiwa kuleta debe mbili za mahindi na sado moja ya maharage kwa kila mtoto, mwezi wa kwanza shule zinapofunguliwa. Chakula kilikuwa ugali wa sembe na maharage, siku tano kwa wiki. Nilichukua kipimo cha kawaida cha gramu 150 za unga kwa mtoto. Hiyo ni kilo 60 za unga kwa siku. Ili mashine itoe kilo 60 za sembe safi nyeupe, inahitaji kumezeshwa kilo 80 za mahindi. Kilo 20 zinazobaki ndizo pumba. Kwa wiki ya siku tano ni kilo 100, gunia zima. Kwa mwaka wa masomo wa siku 194 ni karibu gunia 39.

Nilimsomea mjomba namba hiyo mara mbili. Akanyamaza, akavua kofia.

Kumbe hapakuwa na wizi, palikuwa na mapatano ya mdomo. Mwenye mashine alikubali kukoboa na kusaga bila kudai pesa, na yeye abaki na pumba. Miaka iliyopita, watoto walipokuwa wachache, kamati iliona imepata msaada. Hakuna aliyekaa chini kupima. Gunia 39 za pumba huku kwetu, ambako karibu kila nyumba ina nguruwe au kuku, ni mali, na ni mali kubwa kuliko gharama ya kusaga. Yule mama hakuwa na kalamu wala karatasi, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mimi lililoniuma zaidi si thamani ya pumba sokoni. Ndani ya pumba zile kilikuwemo kiini cha mahindi na ganda lake, yaani mafuta, madini ya chuma na zinki na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Nguruwe wa mwenye mashine walikuwa wanakula lishe, watoto wanabaki na wanga mweupe. Mzazi alikuwa anabeba debe mbili, karibu kilo 39, ili mtoto wake ale kilo 29.

Jambo la pili daftarini lilikuwa maharage. Sado moja ni kama kilo tatu na nusu. Igawe kwa siku 194, unapata gramu 18 kwa siku, maharage ambayo unaweza kuyahesabu kwenye kiganja. Watoto wenyewe waliuita mchuzi ule "maji ya mto". Na bado, kwenye taarifa ya robo mwaka, shule hii ilihesabiwa miongoni mwa shule zinazotoa chakula. Tangu wakuu wa mikoa wasaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia mwezi wa tisa 2022, kila halmashauri hupeleka alama zake, na shule kupika ni moja ya vinavyotazamwa. Ni jambo jema. Lakini fomu inauliza kama shule inapika, haiulizi sufuriani kuna nini.

La tatu ni majira. Mwezi wa kwanza ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kumdai mkulima wa Mufindi. Mahindi yetu huvunwa kuanzia mwezi wa sita na kuendelea mpaka wa nane, baridi imeshika. Kufika Januari aliyekuwa nayo ameuza, mbolea imenunuliwa, mwingine ana mtoto anayekwenda kidato cha kwanza na bado anatafuta godoro. Anayeleta mchango Januari anakwangua sakafu ya ghala. Ndiyo maana mahindi ya mchango yana sifa yake: yamebunguliwa na fukusi, yana vumbi, mengine yana rangi ya kijani kibichi kwenye kiini. Kila nyumba hutoa yale ambayo isingeyala yenyewe, ikiamini kwamba yakichanganyika na ya jirani hayataonekana. Jirani naye anaamini vivyo hivyo.

La nne halikuwa daftarini bali lilisababishwa na daftari. Mwalimu wa zamu alikuwa na orodha ya ambao wazazi wao hawajaleta, na wakati wa chakula watoto hao walibaki darasani "kujisomea". Hakuna aliyewafukuza shule, kwa hiyo hakuna waraka uliovunjwa waziwazi. Kwa maoni yangu hili lilikuwa baya kuliko pumba. Wengi wao walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya miti na chai, watu ambao hawana shamba la mahindi kabisa. Mzazi wa aina hiyo anadaiwa debe mbili ambazo lazima akanunue, mwezi ambao bei iko juu.

Kikao cha kutafuta suluhu kiliitishwa mwezi wa nne. Mjomba alisisitiza kiwe saa tatu asubuhi, na anayejua msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ataelewa kwa nini. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, wenyeviti wa vitongoji, walimu, na wazazi wengi kuliko kawaida, kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia habari za nguruwe.

Mjomba alisimama, akasalimia "kamwene", akasoma hesabu ya pumba yote mbele ya watu, naye mwenye mashine ameketi pale pale. Nilidhani patachafuka. Mwenye mashine akasema, "Mwenyekiti, mimi sikuomba, nyinyi ndio mlinipa." Ilikuwa kweli, na watu wakaikubali. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya maana.

Waliamua kwanza kuacha sembe na kusaga dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa. Hapa upinzani ulitoka upande nisioutarajia. Wazazi walikubali haraka, maana mzigo wa mahindi unapungua. Walimu ndio waliosita. Dona huku ina jina baya la chakula cha jela na cha mwaka wa njaa, na walimu walikuwa na kisufuria chao cha sembe pembeni. Bibi mmoja mjumbe wa kamati akasema kwa upole kabisa kwamba walimu wakila dona, watoto wataila bila kuambiwa. Mwalimu mkuu alikubali, nadhani kwa aibu. Kisufuria kile kiliondoka, ingawa nasikia siku za Ijumaa hurudi.

Dona ina masharti yake, na hapa ndipo shule nyingi zinapoishia kurudi kwenye sembe. Kwa sababu kiini kina mafuta, unga wa dona ukikaa wiki kadhaa huchacha na kuwa mchungu. Shule ilikuwa imezoea kusaga mara moja kwa mwezi. Sasa inasaga kila Ijumaa unga wa wiki inayofuata tu, na inalipa kusaga kwa pesa taslimu, risiti inabandikwa mlangoni mwa stoo.

Sharti la pili ni zito zaidi. Ukungu unaozaa sumukuvu hupenda punje zilizovunjika na mahindi yaliyowekwa mabichi, na kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo pamoja na ganda. Ukisaga dona, kilichomo kinabaki kimo. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu karibu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hiyo ni sumu ya mara moja, mbali na ile ya kidogo kidogo inayoharibu ini na kurudisha nyuma ukuaji. Kwa hiyo huwezi kuamua kula dona bila kuamua pia kukataa mahindi mabovu. Na kumkatalia jirani mahindi yake mbele za watu si kazi nyepesi.

Kilichosaidia ni chupa ya chumvi, ujanja wa mabwana shamba wa siku nyingi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka, unatia mahindi mpaka kama theluthi, unaongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, unafunga, unatikisa dakika moja hivi, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, mwenyewe arudi akayaanike juu ya turubai. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuingia stoo. Uzuri wa chupa ni kwamba anayekataa mahindi si mjumbe wa kamati. Nilimwona baba mmoja, mtu mkubwa wa heshima, akiinua chupa kuielekeza kwenye jua, akaigeuza, akaona utando mweupe umeshika kioo, akafunga gunia lake akaondoka kimya. Alirudi wiki iliyofuata. Mahindi yaliyopita kipimo hupepetwa, punje zenye ukungu zinatupwa, na mengine yanafungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ambayo huua fukusi na dumuzi bila dawa.

Majira ya kukusanya yakahamishwa kutoka Januari kwenda mwezi wa saba na wa nane, ili mahindi ya mavuno haya yaliwe mwaka wa masomo unaofuata. Debe likafutwa, ikaja mizani. Debe lina maneno mengi: la nani lina kitako kilichobonyea, la nani limejazwa kichuguu. Hesabu mpya ilikuwa siku tatu za ugali wa dona na maharage, siku mbili makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Kwa mtoto mmoja kwa mwaka inatoka kilo 25 za mahindi na kilo 8 na nusu za maharage. Mahindi yamepungua kilo 14, maharage yameongezeka kilo tano. Kwa kuwa maharage ni ghali kuliko mahindi, mzigo wa mzazi ulibaki karibu pale pale, ila sahani ilibadilika kabisa. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho maharage yanacho kwa wingi. Makande ya bibi zetu yalikuwa na akili kuliko sembe yetu.

Kuhusu vibarua, mwenyekiti wa kitongoji chao alitoa wazo ambalo mimi naliona ndilo bora kuliko yote ya siku ile. Wasidaiwe mahindi. Wao wana pesa kidogo kila mwisho wa mwezi, na shule inahitaji vitu visivyoota shambani: usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, mafuta ya alizeti na chumvi yenye madini joto. Usipa gramu 10 kwa mtoto, mara mbili kwa wiki, ni kilo nne tu kwa kila mpiko. Huliwa mzima na mifupa yake, na humpa mtoto chembe ya nyama ambayo nyumbani huiona sikukuu. Mafuta ni ya kuifanya mboga ya majani iwe na faida, kwa sababu vitamini A ya kwenye majani huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Nyumba ambazo hazina mahindi wala pesa, na vitongoji vinazijua bila fomu, zikapewa msamaha wa kimyakimya. Orodha ya majina ikatolewa mikononi mwa walimu na kuwekwa kwa wenyeviti wa vitongoji. Watoto wote wakala.

Palikuwa na hoja ya bustani ya shule. Mgeni yeyote wa mradi akifika huuliza bustani iko wapi, apige picha. Mboga gramu 60 kwa watoto mia nne ni kilo 24 kwa siku. Bustani ya shule hii, yenye matuta manane, bomba moja na baridi ya mwezi wa saba inayochoma majani, haiwezi kutoa hiyo hata kwa wiki mbili. Ni nzuri kwa somo la sayansi. Mboga halisi inatoka kwa akina mama wanaolima chainizi na mnafu kwenye vinyungu, mabonde yenye unyevu, na shule inanunua kwao kwa mafungu. Nyanya zilizopondeka kidogo na limau vinaongezwa kwenye maharage, si kwa ladha tu: madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na dona yamefungwa na asidi ya nafaka, na vitamini C husaidia kuyafungua. Chai baada ya chakula hufanya kinyume chake, jambo gumu kidogo kulisema katika wilaya ya chai.

Watu hupenda kutaja Brazil, ambako sheria ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu kwa chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wadogo. Ni mfano mzuri, ila kule kuna fedha ya serikali inayoingia sokoni. Kwetu anayechanga, anayeuza na anayelisha ni mtu mmoja. Mufindi haina shida ya kutafuta mkulima wa karibu, maana ndiye mzazi. Shida ni kwamba mzazi huyo alikuwa anaombwa kitu kimoja kwa wingi, kwa wakati mbaya, na bila kuonyeshwa kilikokwenda.

Yapo ambayo hayajatengemaa. Serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na shule hii bado inapikia mabanzi yanayoletwa kutoka viwanda vya mbao. Gesi ya kuchemsha makande ya watoto mia nne haina wa kuilipia. Kilichowezekana ni jiko banifu lenye bomba la moshi na kuloweka maharage na mahindi usiku kucha, kuni zikapungua na wapishi wakaacha kukohoa. Wapishi nao, akina mama wawili, wanalipwa kwa mchango wa pesa ambao ndio wa kwanza kuchelewa.

Ila kubwa ni darasa la awali. Watoto wa miaka mitano hutoka saa tano na nusu, chakula kinaiva saa saba. Wadogo kuliko wote, ndio wanaorudi nyumbani bila kula, na nyumbani mama yuko shambani hadi jioni. Nilipiga hesabu ya uji wa saa nne kwa watoto hamsini: gramu 40 za unga kwa kila mmoja ni kilo mbili kwa siku, kilo 388 kwa mwaka, hazifiki gunia nne. Gunia 39 tulizokuwa tunampa mwenye mashine zingelisha awali kwa karibu miaka kumi. Kamati ilisema hoja ni nzuri lakini itazamwe baada ya mavuno, kwa kuwa hakuna mpishi wa asubuhi. Nimemwambia mjomba kwamba mpishi wa kilo mbili za uji anaweza kuwa mzazi yeyote kwa zamu. Amesema atalipeleka kwenye kikao.